Wakaidi wa Landover

Ujumbe wa Bi. Darlene uliingia Jumanne mchana, Chelagat akiwa kwenye korido ya makao ya wazee huko Arlington, Virginia, na beseni la maji vuguvugu mikononi. Aliliweka chini, akafuta vidole kwenye aproni, akasoma.

Bi. Darlene ndiye aliyekuwa akichagua bendi za tamasha la muziki wa kantri upande wa Maryland, lile la bendi zisizo na kampuni nyuma yao, zinazojirekodia na kujiuzia zenyewe. "Sauti yako nimeipenda," aliandika. "Lakini nikiwasikiliza ninyi watatu pamoja, nasikia bendi ya kanisa iliyovaa buti. Kantri iko wapi? Nimebakiwa na nafasi moja. Nitumieni rekodi nyingine kabla ya Ijumaa ijayo."

Yalimchoma maneno yale, hasa kwa kuwa yalikuwa na chembe ya ukweli. Gaudiose, mpiga dramu wao, Mrundi, alijifunzia kanisani Hyattsville. Godlisten, Mchaga wa Machame aliyepakia malori katika ghala moja la Landover, alianza kupiga besi kwenye kwaya. Lakini Chelagat mwenyewe? Yeye alizaliwa ndani ya kantri. Kwao Nandi, Jumapili alasiri, redio ya babake ilikuwa haitoi kitu kingine. Baba alikuwa dereva wa lori la majani chai, na kuna nyimbo zilizomfanya aache kuosha lori, asimame tu, kitambaa kikichuruzika maji, mpaka wimbo uishe. Harusini watu walivaa kofia pana na kucheza kantri, wala hakuna aliyeona ajabu. Ajabu aliikuta Amerika, ambako kila alipomwambia mtu kwamba anaimba kantri, mtu alicheka kwanza.

Aliokota beseni, akaingia chumba cha Mzee Wendell akiwa amefura.

Mzee Wendell alikuwa na miaka themanini na mitatu. Miguu ilikuwa imemgomea, lakini akili ilikuwa kali kama wembe. Chelagat alianza kumwosha nyayo na, kama ilivyo desturi yake akikasirika, akaanza kuimba, ule wimbo wake mwenyewe ambao Bi. Darlene alikuwa ameukataa.

"Umekosea," mzee akasema.

Chelagat aliinua uso. Kwa miezi minne tangu apangiwe chumba hiki, mtu huyu alikuwa hajamwambia zaidi ya "asante" na "maji ya moto".

"Nimekosea wapi, Mzee?"

"Hapo unapopanda. Unapanda mapema mno. Subiri. Waache watu wadhani hutafika, halafu ndio upande."

Akamwambia atazame chini ya kitanda. Chelagat alipiga magoti, akavuta sanduku jeusi lililojaa vumbi. Ndani mlikuwa na gita la kulaza mapajani, lile ambalo mpigaji huteleza kipande cha chuma juu ya nyuzi likalia kama mtu. Nyuzi zilikuwa zimeota kutu.

Siku hiyo ndipo alipojua anamhudumia nani. Wendell alikuwa mtoto wa mchimba makaa wa milima ya West Virginia, akashuka Washington akiwa kijana kutafuta kazi, akatengeneza mabasi miaka thelathini. Ila wikiendi zake zote zilikuwa za muziki. Bendi yao ilipiga kantri ya wakaidi, wale waliokataa kuvalishwa suti na kuambiwa na wakubwa wa kampuni waimbe nini. Walipiga kwenye mabaa ya barabarani, Maryland na Virginia, na hawakuwahi kusaini karatasi ya mtu.

"Wenzako wako wapi?" Chelagat akauliza.

"Wamekufa wote wanne. Nilipomzika wa mwisho, nikalisukuma hilo chini ya kitanda."

Kesho yake Chelagat alikuja na nyuzi mpya. Mzee alizifunga mwenyewe. Ilimchukua karibu saa nzima, na Chelagat alijizuia kumsaidia. Alipoteleza chuma kwa mara ya kwanza, ile sauti ilitoka nyembamba, ikapanda, ikapinda, ikatua. Bibi wa chumba cha pili alisukuma kiti chake cha magurudumu hadi mlangoni akakaa hapo, mkono kifuani.

Jumapili, saa ya wageni, walirekodi humo humo chumbani. Godlisten alileta kompyuta na besi yake. Gaudiose alipiga kwa brashi juu ya meza ya kulia chakula, kwa kuwa dramu zisingepita mlangoni.

"Aisee, huyu mzee ni noma," Godlisten alinong'ona walipomaliza, macho yamemtoka. "Dada Chela, ulikuwa umemficha wapi?"

Rekodi waliituma jioni ile ile, na jibu la Bi. Darlene likaja baada ya dakika ishirini. "Huyo ni nani? Njooni. Jumamosi ya tarehe kumi na nne, saa nane mchana, jukwaa kubwa. Na msije bila yeye."

Furaha ile ilidumu mpaka Chelagat alipofika ofisini kwa meneja, Bi. Prescott.

"Haiwezekani," Bi. Prescott alisema. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwoga wa kesi. "Mhudumu hawezi kumtoa mkazi akamzungushe kwenye matamasha. Akianguka nitajibu nini?"

Chelagat alitoka. Kazi hii alikuwa ameifanya miaka sita, na alijua wangapi wangeipokea kesho yake asubuhi. Alisimama kungoja lifti, na pale ukutani, kando ya kibonyezo, palibandikwa karatasi aliyoipita kila siku bila kuisoma: haki za wakazi. Siku hiyo aliisoma yote, mstari kwa mstari. Lifti ilikuja ikaondoka mara mbili. Kisha akapanda kwa ngazi mbio.

"Mzee, sikiliza. Pale kwenye lifti pameandikwa kwamba mkazi mwenye akili timamu ana haki ya kutoka, na kwenda anakotaka, na mtu amtakaye. Anatia sahihi mwenyewe. Mimi siwezi kukutoa, lakini wewe unaweza kujitoa."

"Miaka mitatu niko hapa," mzee akasema, "na hakuna aliyeniambia. Nipe kalamu."

Jumamosi hiyo Chelagat alikuwa na ofu, siku yake ya mapumziko. Gaudiose alikuja na gari la kanisa lenye lifti ya kiti cha magurudumu. Mzee alikuwa amevaa shati la pindo nyeupe lililokaa kabatini muda mrefu, na kofia. Pale mapokezi alitia sahihi yake kwa herufi kubwa, pole pole, kila mtu akitazama.

Bi. Prescott aliwafuata mpaka mlangoni. "Likimpata lolote, Chelagat, Jumatatu usije."

"Jumatatu nitakuja, madam," Chelagat alijibu. "Na saa mbili usiku leo utamwona hapa."

Uwanja wa maonyesho ulikuwa umefurika. Viti vya kukunja, watoto mabegani, moshi wa nyama, kofia kila upande. Walipokuwa wakipandisha vyombo, mwanamume mmoja mbele alimwuliza mwenzake kwa sauti kubwa iwapo hawa ndio watu wa chakula. Gaudiose alimsikia.

"Wacha atuone tu, dada," akasema, akikaza skrubu ya dramu. "Leo tunapiga mpaka aulize jina letu."

Chelagat alikwenda kwenye maikrofoni. "Sisi ni Wakaidi wa Landover," alisema. "Tunapiga kantri." Wachache walicheka. Akahesabu mpaka nne, wakaanza.

Ubeti wa kwanza ulikwenda sawa. Kisha ikafika pale gita la mapajani lilipotakiwa kuingia, na halikuingia.

Chelagat alitupa jicho. Mzee Wendell alikuwa ameshikilia kile chuma hewani, akiutazama umati kana kwamba anatafuta nyuso nne ndani yake. Godlisten alibaki akizungusha noti ile ile. Sekunde mbili. Nne. Watu wakaanza kugeukiana.

Chelagat alisogea kando, akasimama ubavuni mwa kiti cha mzee, akaurudia ubeti. Safari hii aliuimba kwa Kiswahili, kama alivyouandika mara ya kwanza jikoni kwake:

*Nimetandika vitanda kumi na viwili,*
*hakuna aliyeuliza mimi nalala wapi.*

Akafika pale pa kupanda. Hakupanda. Alingoja. Gaudiose akainua vijiti, Godlisten akaondoa vidole kwenye nyuzi, uwanja mzima ukawa kimya. Na katika kimya hicho gita la Mzee Wendell likalia.

Lilianza chini kabisa, likapanda taratibu, na Chelagat akapanda nalo, bega kwa bega, mpaka juu ambako alikuwa hajawahi kufika hata akiwa peke yake bafuni. Watu waliinuka kwenye viti. Mwanamume wa mbele alivua kofia. Walipiga nyimbo tano, na kufikia ya tatu hapakuwa na aliyekaa.

Waliposhuka, mtu mwenye miwani ya bei ghali na kadi mkononi alikuwa akiwangoja. Alifanya kazi na kampuni kubwa ya muziki. Sauti ya Chelagat, alisema, inaweza kufika mbali. Kuna mambo mawili tu ya kurekebisha: ule ubeti wa lugha nyingine utoke, na badala ya mzee awekwe mpigaji kijana, mwenye kuweza kusafiri.

Chelagat aliwatazama wenzake. Godlisten alikuwa tayari anatikisa kichwa. Mzee Wendell alitazama pembeni, kama mtu anayempa nafasi ya kusema ndiyo.

"Kaka, asante kwa heshima," Chelagat alisema. "Ila ukitoa hivyo viwili, kilichobaki si bendi yetu. Tutatoa rekodi wenyewe. Ukiitaka, utainunua kama wengine."

Mzee Wendell alicheka mpaka akakohoa. Hawakuwa wamewahi kumsikia akicheka.

Saa kumi na moja Bi. Darlene alikuja mbio, kofia mkononi. Watu walikuwa hawaachi kuwaulizia, alisema. Je, wangefunga tamasha, bendi zote jukwaani na wao wakiongoza? Walipanda tena. Gaudiose alianza na mapigo ya kwao, mazito, yanayokimbia na kurudi, na wapiga gita kumi na mmoja wakayafuata wakitazamana kwa mshangao. Vumbi lilitimka uwanjani. Chelagat alicheka kwenye maikrofoni hata akakosa kuingia kwenye ubeti wake, Godlisten akauimba badala yake, vibaya sana, na watu wakampigia makofi kuliko mtu yeyote siku ile.

Saa moja na nusu walikuwa Arlington. Mzee alitia sahihi ya kurudi. Bibi wa chumba cha pili na wengine sita walikuwa wamekaa mapokezi, hawajakubali kupelekwa kulala, wanataka kusimuliwa. Bi. Prescott naye alikuwa amesimama hapo hapo, koti mkononi, hajaenda nyumbani.

"Wanauliza," alisema, akijaribu kutomtazama Chelagat usoni, "kama mnaweza kupiga kwenye ukumbi wa chakula. Alhamisi, labda."

Chelagat alimgeukia Mzee Wendell. Mzee alishusha kofia, akafikiri kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Tutapiga," akasema. "Lakini dramu zote ziingie."