Dakika za Goti

Kwa miaka kumi na tisa nimesimamia ligi ya nafuu ya klabu yetu ya mbio za ramani hapa kijijini Gransjö, na kwa miaka kumi na minane sikumpendelea mtu. Hata mume wangu, Mungu amrehemu, niliwahi kumnyima dakika moja akaninunia wiki nzima. Nimefundisha hesabu maisha yangu yote, sibembelezeki. Nayasema haya mapema ili ieleweke kwamba nilichomfanyia Alvar sikukifanya kwa kutojua.

Ligi yenyewe ni rahisi. Kila Jumatano jioni mtu anapewa ramani, anaingia msituni peke yake kutafuta vituo kwa mpangilio wake, na kila kituo anachomeka kijiti alichovaa kidoleni kwenye kisanduku kinachoandika saa. Vijana wana miguu, wazee wana magoti, kwa hiyo kila mmoja ana nafuu yake, yaani dakika za kuwatangulia wenzake. Mwenye nafuu kubwa anaondoka kwanza, asiye nayo anaondoka mwisho, na hesabu ikikaa sawa wote wanafika karibu pamoja, wakihema na kutupiana maneno. Atakayetangulia kuvuka mstari ndiye mshindi. Nafuu naipanga mimi kutokana na mbio tatu za mwisho za kila mtu. Juu yake kamati iliniruhusu kumwongezea dakika mbili mwenye maumivu, zisizidi hapo. Tunaziita dakika za goti.

Alvar Dahlgren alikuwa na miaka sabini na sita. Ndiye aliyenifundisha kusoma ramani nilipokuja huku mwalimu kijana kutoka mjini, nisiyeweza kutofautisha kilima na shimo kwenye karatasi. Ramani ya msitu wetu aliichora yeye, kwa miguu na penseli, majira matatu ya kiangazi. Hakuna jiwe mle ambalo hakuwahi kulikalia.

Mwezi wa sita nilikuwa jikoni kwangu napitia matokeo, nikafika kituo cha tano. Wenzake wote walikuwa wametumia dakika nne au tano kukifikia. Alvar alitumia ishirini na sita. Nikajiambia ni goti. Jumatano iliyofuata ikawa kituo cha pili, dakika thelathini, na vituo vingine vyote kwa mwendo wake wa kawaida. Goti linauma njia nzima, halichagui kituo kimoja. Hapo nilijua kwamba ni kichwa, si goti, na nikaona vibaya sana.

Simu ilikuwa pale pale mezani. Ningempigia Maj-Lis, mkewe, na tungezungumza kama watu wazima. Lakini nilijua kitakachofuata. Maj-Lis angeficha ufunguo wa gari, na Alvar angekaa dirishani kuitazama miti mpaka afe. Sikuweza. Nikampa dakika za goti, mbili, kisha sita, kisha tisa, na kila alipopotea hesabu yenyewe ilimwongezea nyingine. Alipopata siku njema, na bado alikuwa nazo, aliwaacha wote mbali. Akapanda kutoka wa kumi na moja hadi wa tano, na Agosti ilipokwisha alikuwa wa pili.

Rune, mwenyekiti wetu, alikuwa hamwachi.

“Mzee, unakunywa nini wewe? Tuambie na sisi.”

“Kahawa ya Maj-Lis,” Alvar alimjibu. “Wewe endelea na hayo maji yako ya rangi.”

Watu walicheka, na mimi nilicheka nao. Kila Jumatano alichukua karatasi ya matokeo ya wiki iliyotangulia, akaikunja mara nne na kuitia mfuko wa kifuani. Nilimwona mwenye furaha, nikajipongeza.

Mbio za mwisho zilikuwa Jumamosi moja ya Oktoba, mchana, kukiwa na mvua nyembamba ya baridi. Nafuu ya Alvar ilikuwa imefika dakika hamsini na moja. Aliyemfuata alikuwa Rune, mwenye ishirini na mbili. Maana yake, kwa karibu nusu saa hakungekuwa na mtu mwingine msituni, wala wa kumpita wala wa kumwona. Hesabu hiyo niliifanya mwenyewe, na sikuitazama kwa upande huo.

Nilimpa ramani yake mstarini. Aliitazama kwa muda mrefu kuliko kawaida.

“Leo umenipa nyingi, Ingegerd.”

“Ni hesabu tu,” nilimwambia.

“Wewe hesabu hujawahi kukosea,” alisema, akaingia mitini taratibu, kofia yake nyekundu ikionekana mpaka kwenye bonde.

Wengine walianza kufika saa saba unusu. Soseji zilikuwa motoni, watu wakabadilisha soksi na kubishana kuhusu kinamasi cha kituo cha nane. Hakuna aliyemwulizia Alvar, kwa sababu siku hizo alikuwa akifika kabla yao na kwenda zake nyumbani kula. Orodha ilikuwa kwangu mimi tu. Mstari wake ulikuwa mtupu.

Utaratibu wetu ni kwamba wa mwisho akishafika na kuna asiyerudi, kipenga kinapulizwa na watu wanarudi msituni. Kipenga kilikuwa shingoni mwangu. Sikukipuliza. Nikipuliza, kila mtu atajua Alvar amepotea katika msitu aliouchorea ramani mwenyewe, na aibu hiyo nilitaka kumwepusha. Nikasema atatokea sasa hivi. Nilisubiri dakika arobaini nikiwa na kikombe cha kahawa mkononi. Kisha nikaenda nyuma ya ghala la klabu na kuliona gari lake.

Nilimwambia Rune. Alivaa tena koti lake lililolowa.

Walimkuta kituo cha sita, ameegemea jiwe, shati limeganda mwilini. Alikuwa hai, ila hakuwatambua. Baadaye nilisoma kijiti chake. Kituo cha sita alikuwa amekichomeka mara saba. Kila alipoondoka kutafuta cha saba, alirudi pale pale. Alikufa hospitalini siku ya nne, mapafu yamejaa.

Wiki moja baada ya maziko nilikwenda kwa Maj-Lis. Alinikaribisha jikoni, akaweka kahawa na mikate ya mdalasini iliyobaki msibani. Kwenye mlango wa friji zilikuwepo karatasi zangu zote, kuanzia Juni hadi Septemba, zenye alama za kukunjwa mara nne, na jina la Alvar limepigiwa mstari katika kila moja.

“Hizo ndizo zilizonipa moyo,” Maj-Lis alisema. “Nyumbani alikuwa anasahau sufuria motoni. Siku moja aliniuliza mama yangu hajambo, na mama ana miaka ishirini kaburini. Nilitaka kumkataza msitu, dada. Kisha namwangalia pale, wa tano, wa tatu, wa pili. Nikasema, basi, kule bado ni yeye.”

Ningeweza kunyamaza. Nilikuwa nimezoea.

“Hakuwa wa pili,” nilimwambia. “Zile dakika niliziongeza mimi. Alikuwa akipotea kila wiki, na nilikuwa naona.”

Aliiweka birika chini.

“Tangu lini?”

“Juni.”

Alisimama, akaenda kwenye friji na kubandua karatasi ya kwanza, halafu ya pili, bila haraka, mpaka mlango ukabaki mweupe. Aliziweka mezani mbele yangu.

“Mimi niliona tangu Machi,” alisema. “Nilikuwa nangoja uniambie wewe.”