Maneno Yaliyokwama Benchini

Kila Alhamisi Mama Vifungo alifunga duka lake la ushonaji kabla ya saa nne. Alifunika cherehani kwa shuka kuukuu, akatia kizibao cha kijani chini kabisa ya mkoba na kukirundikia nyuzi juu yake. Mtu akimuuliza, "Wapi tena, Mama Vifungo?" jibu lilikuwa tayari: "Hospitali, nawasaidia manesi." Haukuwa uongo mzima. Ulikuwa ukweli uliokatwa pindo.

Kizibao chenyewe alikivaa akishafika kliniki ya afya ya akili, chumba cha mwisho ukishapita kwa dobi, pale penye benchi refu lililochubuka rangi kwa kukaliwa. Waliovaa vizibao walikuwa wanne, wote wa kujitolea, na wote waliwahi kuletwa pale wakiwa wagonjwa. Hawakugawa dawa. Kazi yao ilikuwa kukaa na mtu anayesubiri daktari, asikimbie, asijione yuko peke yake. Nesi mkuu aliwapa sharti moja tu: kabla hujashauri lolote, mwambie mwenzio, "Na mimi nilikaa hapa."

"Hilo ndilo daktari hawezi kumwambia," nesi alisema. "Mengine yote anayo."

Mama Vifungo alikuwa na ziada yake, vitendawili. Mtu aliyenyamaza wiki mbili humuulizi habari yake ukapata jibu. Lakini mtegee kitendawili, utaona jicho linageuka. Kinyozi, mwenzake wa kujitolea, mtu wa maneno mengi na kichwa kisicho na unywele hata mmoja, alikuwa akimtania: "Wewe dada, siku daktari atakapougua, usije ukamtegea na yeye."

"Nitamtegea, na akishindwa namchoma sindano."

Alhamisi moja akaingia mama aliyejitanda mtandio mpaka machoni, akakaa mwisho wa benchi huku kaikunja kadi mpya kiganjani kama anayeficha pipi. Mama Vifungo akasogea, akakaa naye begani kwa bega bila kumtazama usoni, maana hivyo ndivyo walivyofunzwa.

"Kitendawili."

Yule mama akajibu kwa sauti ndogo, "Tega."

"Nina ndugu wana macho manne na hawaoni. Mchana kutwa wamelala kifuani kwangu."

Yule mama akafikiri. Katika kufikiri akasahau mtandio, ukateleza. Alikuwa mkwe wake, mama wa mke wa mwanawe.

Sasa ili uielewe haya iliyowashika wale wawili, rudi nyuma hadi siku ya posa, mwaka mmoja na nusu uliopita. Wazee wamekaa sebuleni, na mjomba wa binti akauliza, kama wanavyouliza watu wanaoozesha, "Huko kwenu kuna ugonjwa wowote wa kichwa?" Mama Vifungo akamtazama machoni. "Hakuna." Akauliza na yeye, na mama wa binti akajibu haraka zaidi, "Hata kwetu, hakuna." Watu wakanywa chai.

"Mkwe!" yule mama akashtuka. "Kumbe... unafanya kazi hapa?"

Maneno yalikuwa manne tu. Miaka saba Mama Vifungo aliyasema kila Alhamisi, kwa wanafunzi, kwa madereva, hata kwa askari mmoja aliyelia mpaka kofia ikalowa. Yalifika kooni yakasimama hapo kama uzi uliojifunga fundo kwenye tundu la sindano.

"Ndiyo," akasema. "Nawasaidia manesi."

"Ala! Mimi nimemsindikiza jirani tu. Yuko msalani."

"Haya, mkwe. Mpe pole zangu."

"Zimefika. Wasalimie watoto."

Yule mama akanyanyuka, akatoka upande ambao hata msalani si huko. Hakumwona daktari. Kadi aliiacha benchini, na jirani hakutokea, maana hakuwapo.

Kinyozi alikuwa hatua mbili tu, akimshikia mzee mmoja fimbo. Hakucheka.

"Dada, leo maneno yetu umeyaacha dukani?"

"Ni mkwe wangu yule."

"Nimeuliza maneno, sijauliza ukoo."

Mama Vifungo akavua kizibao kabla ya saa yake. Wiki ile alishona shati la mteja mkono wa kushoto upande wa kulia, akafumua, akashona tena vilevile. Kila akiinamisha kichwa alimwona mkwe wake akienda mbio kwenye ukumbi ule, mtandio mkononi. Alikuwa amemtoa mgonjwa kwenye foleni kwa mdomo wake mwenyewe, tena akiwa na kizibao mwilini.

Jumanne mkamwana wake akaja, macho mekundu. "Mama, mama yangu hali, halali. Kajifungia. Anasema mtu anaongea naye ukutani, halafu anasema ni presha. Wewe si unafanya kazi hospitali? Hebu mwambie akapime presha tu, wewe atakusikia."

"Mimi?"

"Si wewe ndiye unayewajua manesi?"

Mama Vifungo akatazama sindano yake. Kumwambia yule binti alichokiona kliniki hakuruhusiwa. Ya benchini hubaki benchini. Lakini ya kwake mwenyewe nani alimkataza kuyasema? Hakuna. Alijikataza mwenyewe.

"Nitakwenda," akasema.

Alikwenda kesho yake asubuhi. Ndani ya mkoba alitia kadi yake ya kliniki, iliyolainika kwa kukunjwa mpaka inakaa kama kitambaa. Alibisha sana.

"Nani?"

"Ni mimi, mkwe."

"Nina presha. Nimelala."

"Nitakaa hapa hapa kizingitini."

Akakaa kweli, sketi yake nzuri kwenye vumbi. Baada ya kitambo sauti ikatoka nyuma ya mlango, karibu sana, kama mtu naye kakaa chini.

"Wale ndugu wa macho manne. Nimewafikiria wiki nzima. Nikiwafikiria wao, huyu wa ukutani ananyamaza kidogo."

"Hukunipa mji."

"Chukua nyumba hii. Sina mji."

"Ni vifungo," Mama Vifungo akasema. "Unajua kwa nini naitwa Mama Vifungo?"

"Si kwa sababu ya duka?"

"Ndivyo ninavyowaacha watu waamini. Niliugua, mkwe. Vifungo vilikuwa vinaniangalia. Nilivikata nguo zote za wateja, hata gauni la bibi harusi, nikavizika uani. Majirani walinikuta nafukia kwa mikono, nguo zangu zimefunguka mbele. Ndugu zangu wakanifunga kamba, wakanipeleka. Nikahama mtaa ule, jina likanifuata." Safari hii hakungoja koo lifunguke lenyewe. "Na mimi nilikaa hapo. Kwenye benchi lile lile."

Akapitisha kadi chini ya mlango. Ilikwama kidogo kwenye mkeka, kisha ikavutwa.

Kuku akapita, akamkagua, akaenda zake.

"Ulimtazama kaka yangu machoni," sauti ikasema. "Siku ya posa. Ukasema hakuna."

"Nilisema."

"Na juzi umeniona pale, ukanificha tena. Mimi nimeshika kadi, natetemeka, wewe ukanisalimia kama tumekutana sokoni!"

"Ndiyo. Hilo ndilo baya zaidi. La posa nilikuwa namlinda mwanangu. La benchini nilijilinda mimi."

Alingoja mkwe naye aseme, "Hata mimi nilidanganya," wapate kuwa sawa. Hakusema. Mlango haukufunguliwa. Kadi yake tu ndiyo ilirudi chini ya mlango, polepole, imenyooshwa vizuri.

Kesho yake ilikuwa Alhamisi. Mama Vifungo alivaa kizibao dukani kwake, akafunga mlango, akapita nacho mtaa mzima. Muuza mkaa akauliza, "Cha nini hicho?" Akajibu, "Cha waliougua kichwa wakapata nafuu." Masikio yalimwaka moto mpaka getini.

Saa tano mtandio ule ukatokea mlangoni, na nyuma yake mkamwana kamshika mama yake kiwiko. Mama Vifungo akasogea kumpisha nafasi, akapangusa ubao kwa kiganja. Mkwe akaiona ile nafasi, akapita, akaenda kukaa kwa Kinyozi.

"Karibu, dada," Kinyozi akasema, na kwa mara ya kwanza hakuongeza mzaha. "Na mimi nilikaa hapa."

Mama Vifungo akainamisha kichwa. Alistahili, na aliyasikia maneno yale kama yanavyosikika kwa mtu mwingine. Mkamwana akaja akakaa kwenye nafasi aliyoipangusa, akakitazama kizibao, akamtazama yeye usoni, kinywa wazi.

"Mama... na wewe?"

Mlango wa daktari ukafunguka, likaitwa jina la mkwe, naye akanyanyuka akaingia.

"Na mimi," akasema Mama Vifungo.