Maji Yalipopiga Hodi Jikoni kwa Mama

Usiku wa kuamkia leo, kabla hata sijavuta shuka vizuri, niliota kalavati limesimama mlangoni kwetu limevaa tai.

Kalavati, lile bomba la zege la kupitishia maji chini ya barabara. Sikushangaa. Ndotoni mtu hashangai, na mimi nilikuwa nimeshakasirika tayari.

"Wewe ndiye Siwatu, binti wa Bi Mize?" linauliza. Sauti inatokea tundu la mbele, mwangwi unatokea la nyuma.

"Ndiye. Kuna nini?"

"Bodi ya Mitaro inabadilisha mpango. Mpaka wa eneo la mitaro unasogezwa hadi hapa, na mfereji mkuu utapita jikoni kwa mama yako."

"Na mama atapikia wapi?"

"Hilo halimo kwenye mpango."

Sikilizeni. Jiko lile mama kalijenga kwa mikono yake, na vitumbua vya jiko lile ndivyo vilivyotukuza. Likivunjwa, mama atahamia Handeni kwa kaka yangu, kwa wifi anayempimia sukari ya chai kwa kijiko cha dawa. Thubutu! Nikasema nina pingamizi.

"Ni haki yako," linasema kalavati. "Ila kwanza tangazo libandikwe mahali pa wazi."

Likanitazama, likalamba karatasi, likanibandika kwenye paji la uso.

Basi nikawa mahali pa wazi. Watu wanakuja, wanasimama mbele yangu, wananisoma kwa sauti. Mzee mmoja anavaa miwani, ananiambia nisitikisike, hajafika aya ya pili. Ala! Nikamwambia asome upesi, nina kesi mimi.

Kufumba na kufumbua, tuko kikaoni. Kikao kiko ndani ya sufuria ya mama. Mwenyekiti ni Ramani mwenyewe, mkubwa, amekunjwakunjwa. Kila akitaka kusema neno lazima ajikunjue kwanza, na akijikunjua anatufunika wote. Kalavati ndilo karani.

"Nani anaomba mpaka usogezwe?" anauliza Ramani.

"Mimi," yanajibu Maji.

Yalikuwa yameketi pembeni, ya kahawia, yameshika ndala moja ya mtu. Na yalikuwa na adabu, sitasema uongo. "Kila masika napita ndani kwa watu bila ruhusa, wananitukana," yalisema. "Nimechoka kutukanwa. Nataka njia yangu halali."

Karibu niyaonee huruma, nikakumbuka jiko. "Nyuma ya nyumba kuna mteremko mpaka mtoni," nikasema. "Mfereji upite huko, jiko la watu liachwe."

"Huko atachimba nani?" anauliza Ramani. "Bodi haina wachimbaji. Ina wajumbe."

Wajumbe wakaitikia kwa kichwa. Sijui walikuwa wapi muda wote huo.

"Sheria ni moja," anaendelea Ramani. "Maji hayapewi njia ndani ya nyumba ya mtu mpaka mwenyeji ayaridhie kwa kinywa chake, karani akisikia."

Nikacheka. Niyaridhie? Mimi? Nikafumba mdomo, nikakunja mikono. Hata waning'oe kucha, neno halitoki.

Maji yakainuka, yakatoka nje taratibu. Sasa tuko jikoni kwenyewe, mlango umefungwa. Halafu nje ikasikika sauti ya unyenyekevu:

"Hodi!"

"Karibu!" nikasema.

Lo! Neno limeshatoka. Nani kalelewa na Bi Mize, akasikia hodi akanyamaza? Kalavati likaandika. Ramani akajichora upya palepale, mstari wa buluu ukapita katikati ya mafiga.

"Nimekosea!" nikapiga kelele. "Ni mazoea tu!"

"Karibu ni karibu," anasema Ramani. "Haina rufaa."

Maji yakaingia, yakavua ile ndala mlangoni, yakaketi mkekani. Nikaanza kulia. Nililia kweli, si mchezo, kwa sababu nilimwona mama anafunga kikaango chake kwenye kanga, tayari kwa safari ya Handeni.

"Unalilia nini mbele ya mgeni?" mama akanikemea. "Hebu futa kamasi, lete sahani."

Siku ya kwanza Maji yakala wali. Siku ya pili yakala wali tena, yakasifu nazi. Siku zenyewe zilikuwa fupi, hata sikuwahi kuosha sahani. Siku ya tatu mama akaingia chumbani, akatoka na jembe, akayakabidhi Maji kwa mikono miwili.

"Mgeni siku mbili," akasema.

Ramani akajikunjua kwa kishindo. "Hilo halimo kwenye sheria ya mitaro!"

"Limo kwenye ya wageni," mama akamjibu. "Na kuwa huyu ni mgeni mmeandika wenyewe. Karani, hukuandika karibu?"

Kalavati likapekua karatasi zake, tundu la mbele mpaka la nyuma. "Imeandikwa," likakiri.

Maji yakatazama jembe. Yakamtazama mama.

"Nianzie wapi, mama?"

"Nyuma ya nyumba, mwanangu. Fuata mteremko."

Ramani akatia mate kidoleni, akaufuta ule mstari wa buluu kwenye mafiga. Nikaruka kwa furaha, nikagonga kichwa kwenye mfuniko, kumbe tulisharudi ndani ya sufuria. Nikaamka.

Nje mvua inamalizikia. Nikashusha mguu kitandani polepole, nikitegemea maji ya kifundoni kama masika yote. Sakafu kavu. Nikaenda jikoni, nikamkuta mama anageuza vitumbua.

"Mama, mvua yote hii, maji yamepita wapi?"

"Wewe si umelala kama gogo," akasema bila kunitazama. "Alfajiri kaja mgeni kurudisha jembe. Lile pale mlangoni, tope mpaka kwenye mpini. Ana adabu huyo! Kaniaga vizuri."

Nikalitazama lile jembe. "Na wewe umemjibuje?"

"Nimjibuje tena, Siwatu? Nimemwambia karibu siku nyingine."