Risiti ya Kavira

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, Jumanne tarehe 12 Aprili 2016, katika ukumbi mmoja mjini Bunia ulioitishiwa kikao cha maoni ya wananchi kuhusu mabadiliko ya sheria ya mkoa, viti arobaini vilikuwa vimepangwa na watu sita walikuwa wameketi. Bibiane alichagua kiti cha nyuma, mbali na wote.

Alikuwa na mabati ishirini yaliyotobolewa na kutu kabla ya mwaka kwisha, na muuzaji alikataa kuyabadilisha; alikuwa amemshtaki, na shauri lilikuwa bado halijasikilizwa. Sheria ya mkoa ilimruhusu yeyote mwenye risiti kushtaki. Mabadiliko yaliyopendekezwa yalitaka mshtaki awe yule tu ambaye jina lake limeandikwa kwenye risiti, na yangehusu hata mashauri ambayo hayajasikilizwa. Risiti ya Bibiane iliandikwa jina la Kavira.

Jina hilo alilitaja mwenyewe dukani. Tangu alipokimbia vita vya kikabila huko Fataki, wilayani Djugu, mwaka 2003 hakumpa muuzaji yeyote jina lake la kweli, kwa kuwa lingefichua kwao, na wenye kuleta mabati wangejua pa kumkuta. Wanawake wengi waliokimbia Djugu walifanya vivyo hivyo. Kavira ni jina la Wanande, watu wa Butembo; halikumchokoza mtu. Majirani walimwita hivyo kwa miaka kumi na mitatu, na hakuwa amebaki mtu wa kumwita vingine.

Laurent, mwanasheria aliyeongoza kikao, alisoma kifungu chenye mabadiliko hayo, akauliza nani ana neno. Bibiane alisimama.

“Tata, siye wengi kwa facture, kwa risiti, tunaandikisha jina ingine. Mukipitisha hii, nyumba yangu itabakia kuvuja.”

Hubert, mwenye duka jirani na kwake, aligeuka. “Kumbe weye haiko Kavira! Ndiyo maana nikikusalimia Kinande unanijibuka ‘bonjour’!”

Watu walicheka.

“Na kwa nini unaficha jina, mama?” Laurent aliuliza.

“Niliogopa. Mupaka leo ninaogopa.”

Kicheko kikaisha. Laurent alieleza kwamba pingamizi lisilo na jina la kweli haliingii katika ripoti. Fiacre, karani, alishika kalamu.

“Basi niandike nani, mama?”

Bibiane alitazama mlangoni. Wanaume wawili asiowajua walikuwa wamesimama pale wakisikiliza. Kama angeketi, kifungu kingepita bila mtu kukipinga.

“Bibiane Lotsove. Wa Fataki.”

Sauti ilitoka ndogo. Fiacre hakusikia, akamwomba arudie. Alirudia kwa nguvu zaidi, na safari hii kila mtu alisikia.

Laurent alisoma pingamizi lake pamoja na jina, kisha akauliza kama kuna mwingine. Hakuna aliyeinua mkono. Saa tano kasoro dakika tano Bibiane alitia sahihi, na Fiacre akafunga ukurasa wa mapingamizi ukiwa na jina moja.