Mpira wa Rejeta Uliogoma

Nzai aligundua kuwa mpira wa rejeta umepasuka wakati mama yake amekwisha kulazwa garini.

Ukweli ni kwamba rejeta haikuanza kuvuja siku hiyo. Ilikuwa ikivuja tangu mvua za vuli, naye kila asubuhi akiijaza kwa ndoo ya maji ya kisima, maji yale ya kijijini Kakuyuni yanayotia chumvi kwenye chai kabla sukari haijaingia. Hamad, fundi wake wa Malindi, alimkanya mara nyingi asiyatie. Nzai akacheka. Maji tunayokunywa sisi, alisema, hili gari ni nani hata liyakatae? Wakati ule jibu hilo liliwachekesha watu barazani. Sasa alikuwa ameinama chini ya boneti, jua la saa tano likimchoma mgongo, akiutazama mpira wa chini wa rejeta ulivyopasuka, na hakuna aliyecheka.

Viti vya nyuma vilikuwa vimelazwa na godoro limetandikwa juu yake. Hapo alilala mama yake, Kadii, kafungwa leso mpya, kafumba macho. Sidi, mkewe Nzai, alikaa kwenye mlango wa gari akimpepea kwa kawa.

Hospitali walishamaliza lao, wakasema apelekwe nyumbani apumzike. Na nyumbani kwa Kadii hapakuwa hapa kwa mwanawe. Kwake kulikuwa Vitengeni, kwenye boma alikozikwa mumewe.

"Nataka niingie kwangu ningali naona," aliwaambia. "Nibishe hodi mwenyewe. Msinipeleke nimefunikwa."

Neno lake lilikuwa hilo tu, na alianza kulisema tangu hiyo hiyo vuli, na kila alipolisema Nzai alimjibu kesho. Si kwamba alikuwa mvivu, wala hakumchoka mama yake. Aliogopa. Kumpeleka Vitengeni kulikuwa ni kukubali kwamba anakwenda kufa, na yeye hilo halikumpita kooni. Basi ikawa kesho, na kesho, mpaka leo asubuhi bibi alipokataa uji, akakataa na maji.

Gari jingine alilitafuta. Ngowa, jirani yao mwenye pikapu, alikuja mpaka dirishani, akamchungulia mgonjwa, akarudi nyuma taratibu. Alisema kwa adabu kwamba pikapu yake inabeba abiria, na mtu akifia ndani ya gari, watu wa huku hawalipandi tena. Nzai hakumlaumu. Lau gari lingekuwa lake na mgonjwa wa mwingine, angesema yayo hayo.

Akampigia Hamad simu. Ilikuwa Ijumaa, na fundi alikuwa njiani kwenda msikitini.

"Usiuvute, Nzai," Hamad akamwambia. "Chumvi imeushika. Ukiuvuta utaondoka na shingo ya rejeta, na hapo hata mimi sitakuwa na la kufanya. Ningojee. Nikitoka kuswali nakuja na pikipiki."

Nzai akaitikia vizuri, akamshukuru, akakata simu. Na kama angengoja, pengine leo tungekuwa tunasimulia mengine. Lakini mtu wa kuweza kungoja huku mama yake anahema vile nyuma ya mgongo wake, mtu huyo bado hajazaliwa.

Alianza kwa upole. Akalegeza kibano cha mpira, kikammomonyokea mkononi kwa kutu. Akauzungusha mpira kushoto, ukagoma. Akauzungusha kulia, ukagoma vile vile. Mpira mpya alikuwa nao. Aliununua wakati wa vuli, akauweka chini ya kiti, na siku zote hizo ulikaa pale ungali ndani ya karatasi yake. Hilo lilimuuma kuliko jua. Akachomeka bisibisi kati ya mpira na shingo ya rejeta, vikadondoka vipande vyeupe vya chumvi, na mpira ukabaki pale pale.

"Nzai," mama yake akaita kutoka garini. "Tumesimama?"

Nzai akachungulia pembeni mwa boneti. Sidi alimtazama, kisha akainamisha kichwa, na hapo akafahamu kwamba bibi anadhani wako njiani. Angeweza kumwambia kweli. Alikuwa na nafasi hiyo, na mdomo aliufungua.

"Tumesimama kidogo, mama. Injini inapoa."

"Tumefika wapi?"

"Lami tumeshaiacha."

Mama yake akatabasamu, akalala tena. Nzai hakuwa ameliona tabasamu hilo kwa muda mrefu, na sasa lilimtisha, maana alikuwa ameshampa mama yake nusu ya safari na gari halijasogea hata hatua. Akarudi chini ya boneti. Akayasahau ya Hamad, akaushika mpira kwa mikono miwili, akatia mguu kwenye bampa, akauvuta.

Mpira ulitoka. Maji mekundu ya kutu yakamwagika mchangani, na Nzai akabaki ameushika, akitazama ndani yake. Shingo ya rejeta ilikuwa humo, imevunjika nzima nzima, kama jino lililong'oka na ufizi wake.

Hakutaka kuamini. Akaufungua mpira mpya, akausukuma kwenye tundu lililobaki, lakini hapakuwa na pa kuushikilia. Akakata mpira wa baiskeli, akaufunga, akaukaza kwa waya mpaka vidole vikatoka damu. Akatia maji juu. Maji yote yakatoka chini, yakafuata njia yaliyopita yale ya kwanza. Nzai akaketi mchangani penye tope lile. Alikuwa amekata tamaa, na hakuna namna nyingine ya kulisema.

Upepo wa mchana ukaanza kuvuma kutoka pwani.

"Nzai. Tumefika?"

Akainuka, akaenda akapiga magoti mlangoni karibu na Sidi. Wazo lilimjia pale pale, na kwa kukosa jingine alilikumbatia. Kama hawezi kumfikisha, angalau ampe hodi yake.

"Tumefika, mama. Boma naliona. Bisha hodi."

Kadii akafungua midomo. Kisha akanyamaza, akasikiliza. Juu ya paa la gari makuti yalikuwa yakipigana kwa upepo, mnazi huu na huu, uwanja mzima.

"Vitengeni hakuna minazi, mwanangu," akasema.

Hakukasirika, na Nzai angetoa chochote ili akasirike. Bibi alifumbua macho, akaitazama mikono ya mwanawe, akaelewa yote.

"Basi nirudisheni ndani," akasema. "Hapa jua kali."

Nzai akamwinua peke yake, kwa kuwa hakuwa na uzito tena. Walipofika mlangoni mama yake akamgusa kifua, akamtaka asimame. Miaka yote aliyoishi katika nyumba ile alikuwa akiingia na kutoka apendavyo. Ilikuwa ya mwanawe, abishe hodi kwa nani?

"Hodi," akasema.

Sidi akageukia ukutani. Nzai alisimama pale, mikono imejaa kutu na mama yake. Hapakuwa na mwingine wa kuitikia.

"Karibu, mama," akasema, akamwingiza.