Tangazo Lisilo na Jina

Bi Nabiha, mwalimu mkuu, alikuwa mtu wa kuandika tangazo, akalifuta, akaliandika tena, kisha akamsomea paka wa shule asikie lilivyo. Shule yenyewe, chekechea ya vyumba vitatu na ua pale Kibokoni, ilikuwa ndogo, na wazazi wake wakijuana tangu enzi za bibi zao. Neno lolote aliloliweka kwenye kundi lao la wasapu lilizungushwa mtaa mzima kabla chai haijapoa.

Asubuhi hiyo, wakati wa uji, aliona malengelenge shingoni mwa Lamis. Akamkunjua kola, akamtazama mgongo, akajua. Tetekuwanga. Raihana, mamake Lamis, alikuja mbio na buibui lake upande, akamfunika binti gubigubi kwa kanga kama sahani ya mahamri inayopitishwa mbele ya wenye njaa.

"Bi Nabiha, nakuomba," alinong'ona. "Watu wasijue ni wangu. Watasema nilijua nikamleta vivyo hivyo."

"Jina halitajwi, mwanangu. Ndiyo sheria, na ndiyo tabia yangu."

Kisha akakaa na simu yake. Tangazo lilipokamilika lilisomeka hivi: "Asalaam aleikum wazazi wetu. Mwanafunzi mmoja ametoka tetekuwanga na atakaa nyumbani hadi malengelenge yakauke. Tafadhali watazameni watoto wenu. Mjamzito ambaye hajawahi kuugua asikaribie mgonjwa, na amuone daktari."

Sentensi ile ya mwisho aliiandika akimfikiria mtu mmoja tu. Nasiha, mamake Khubaib, alikuwa mjamzito wa miezi saba. Kabla ya mimba hii zilikuwa zimeharibika mbili, na mtaa wote ulikuwa ukitembea kwa nyayo za pole kila ukipita mlangoni pake. Tetekuwanga hakuwahi kuipata. Alimwambia Bi Nabiha kwa kinywa chake. Tangazo halikumtosha mwalimu, akampigia simu. Kwa bahati Khubaib hakuja shule siku hiyo. Alikuwa Tudor kwa bibi yake tangu jana jioni, kwa kuwa mamake alikuwa na kliniki.

"Mwache huko huko," Bi Nabiha alimwambia. "Amecheza na wenzake wiki nzima. Mpaka tujue hakuambukizwa, asirudi kwako."

Nasiha hakuwa amewahi kulala mbali na mwanawe zaidi ya usiku mmoja. "Sawa, mwalimu," alisema.

Kundini, dua zilimiminika. Halafu likaja swali ambalo tangazo halikuwa limejiandaa nalo: "Mwana wa nani, twende tukamjulie hali?"

Hapo ndipo sheria nzuri ilipokutana na watu wazuri. Waliotunga habari ya kutotaja jina labda waliishi mahali ambapo mgonjwa huachwa alale. Kibokoni, mgonjwa asiyetembelewa ni aibu ya mtaa mzima, na mzazi akifichiwa mgonjwa huona amefichiwa haki yake. Bi Nabiha akajibu kuwa jina halitajwi. Basi wanawake wakapiga hesabu zao wenyewe. Nani hakuonekana shule leo? Khubaib. Lamis walimwona asubuhi akiingia na mkoba wake, wala hakuna aliyejisumbua kuuliza kama alitoka na wenzake saa ya kutoka. Safari ikapangwa kwa kunong'onezana mlango kwa mlango, bila kuandikwa kundini, kwa sababu anayeendewa haambiwi.

Baada ya alasiri Bi Nabiha alikuwa akifunga shule alipomwona Bi Mwanaesha akipita na chupa kubwa ya uji kwapani. Bi Mwanaesha ndiye aliyekuwa kiongozi wa harusi zote na matanga yote ya sehemu zile, na hakuna aliyekumbuka kumchagua.

"Wapi, bibi?"

"Kwa Nasiha, kumtazama Khubaib, maskini ya Mungu. Uji wa pilipili manga huu. Wenzangu wako nyuma, waja na watoto wao."

Bi Nabiha akaacha kufuli ikining'inia mlangoni. Watoto hao ndio walioshinda na Lamis wiki nzima, wakila sahani moja, na nani kati yao alikuwa na ugonjwa ndani bila kuonekana, Mungu ndiye ajuaye. "Khubaib haumwi!" alisema. "Wallahi si yeye!"

Bi Mwanaesha akamkonyeza. "Najua, mwalimu, najua. Jina halitajwi." Akaenda zake.

Bi Nabiha akapiga simu huku amekwisha kuanza kutembea. "Nasiha, funga mlango, wageni waja. Usimfungulie mtu yeyote."

"Nifunge mlango?" Nasiha aliuliza. "Mwalimu, mimba zangu zote mbili zilipoharibika, ni hawa walionijia. Walinifulia, wakanipikia, wakalala sakafuni pangu. Leo wabishe hodi niwanyamazie?"

"Basi nitawafungia mimi. Lawama nibebe mimi."

Akakata kichochoro cha nyuma, mwili wake mnene ukisugua kuta pande zote mbili, akatokea mlangoni kwa Nasiha akihema. Akauvuta mlango kwa nje, akaegemeza mgongo wake hapo. Muda si muda kichochoro kikajaa mabuibui, machupa ya uji na watoto.

"Hapaingiwi," alisema.

"Tangu lini mwalimu akawa bawabu?" Bi Mwanaesha aliuliza.

"Tangu leo. Nasiha ni mjamzito na hajawahi kuugua maradhi haya. Na mwanawe ni mzima, yuko Tudor."

"Kama ni mzima, mbona watuzuia? Na kama si yeye, ni nani?"

"Jina halitajwi," Bi Nabiha alisema. Wanawake wakaanza kulalamika wote pamoja, kwamba mwalimu anawadharau, kwamba anawatenga na mwenzao. Ndani, nyuma ya mlango, Nasiha alikuwa akilia kwa kwikwi, na kila kwikwi ilipita kwenye mbao ikamwingia Bi Nabiha mgongoni. Aliumia, lakini hakusogea.

Dirisha la ghorofani la nyumba ya pili likafunguka.

"Ni mwanangu!" Raihana aliita, macho yake mekundu. "Ni Lamis. Nilimuomba mwalimu asinitaje. Mwacheni Nasiha, tafadhali. Mwacheni."

Lamis naye akachungulia chini ya mkono wa mamake, uso umepakwa dawa ya mwasho ya rangi ya waridi, akawapungia watu kama bibi harusi.

Bi Mwanaesha akatazama chupa yake, akatazama juu. "Teremsha kikapu," alisema.

Kikapu kikashuka kwa kamba, kikapanda na uji, kikashuka tena, kikapanda. Hakuna aliyemuuliza Raihana kwa nini alimleta mtoto shule. Waliuliza amekula nini, analalaje, na ni nani aliyemfunga nywele vibaya vile.

Kabla hawajaondoka, kila mmoja alipita mlangoni kwa Nasiha, akaugonga mara moja kwa vidole, akasema "Twakupenda, shoga," akaenda zake bila kungoja ufunguliwe.

Lamis alikwisha kupona na kurudi shule, Bi Nabiha akaanza kupumua, ndipo kundini ukaingia ujumbe wa Nasiha.

"Wenzangu, jina nataja mwenyewe. Khubaib wangu ametoka tetekuwanga huko Tudor. Bibi yake ni mzee, macho yake hayaoni vizuri. Mie nimekatazwa kwenda. Waliokwisha kuugua, nendeni mkamshike badala yangu."

Mabuibui yalipofika Tudor mtoto alikuwa amelala kifudifudi, analia kwa mwasho. Bi Nabiha akakaa kitandani. Bi Mwanaesha akaishika simu juu yao, na kwenye kioo chake akaonekana Nasiha, amejishika tumbo.

"Msimkune," alisema. "Mie humpuliza mgongoni. Polepole. Chini kidogo, mwalimu, upande wa kushoto. Hapo."

Bi Nabiha akapuliza. Alipochoka akapokea Raihana, kisha mwingine, kisha mwingine, na Nasiha akiwaelekeza, hadi Khubaib akauliza, macho yamefumba, "Mama, ni wewe?"

Bi Mwanaesha akaishusha simu karibu na sikio lake.

"Ni mie, mwanangu," Nasiha akajibu kutoka kwenye simu. "Lala."