Kikasha cha Mwarobaini

Tak.

Kitu kililia juu ya kabati, mara moja tu, kama njiti ya kibiriti iliyovunjwa gizani. Kashindye, binti wa miaka mitano, hakushtuka. Alijigeuza akampiga mama yake teke la mbavuni, akaendelea kukoroma. Lakini mama huyo, Odeta, alikuwa amekwisha kufumbua macho. Mtoto wa fundi hadanganywi na mlio wa mbao.

Hakuwasha taa. Alinyoosha mkono akakipapasa kikasha chake cha mwarobaini, akaukuta ufa umeshuka kutoka ukingoni hadi chini, ukucha unaingia. Akaketi kitandani amekipakata kama mgonjwa.

Kikasha hicho ndicho alichokuwa amekitegemea. Siku hiyo, saa sita mchana, Shigela, fundi vitanda wa Sengerema, angevuka na kivuko kuja kuichukua mashine ya kukereza ya baba yake Odeta, ile inayozungusha mti huku patasi ikiuchonga. Mzee Mihayo mwenyewe ndiye aliyemwita. Tangu kiharusi kimguse mkono wa kulia alikuwa akisema mashine isiyolia huliwa na kutu, na humu ndani hamna wa kuiliza. Odeta alisikia. Miezi mitatu, kila mzee alipopelekwa hospitali kwa mazoezi ya mkono, yeye alijifungia karakanani akajifunza peke yake, vipande vilivyoharibika akivichoma jikoni ili visimuumbue. Hiki kilikuwa cha kwanza ambacho mfuniko wake ulikubali. Alipanga kukiweka mbele ya baba yake asubuhi hiyo na kumwambia kwa kinywa chake: usiiuze.

Zamani, walipokuwa bado Kirumba, kabla ya kuhamia Buswelu, karakana ndiyo iliyokuwa sebule yao. Marehemu mama yake alimkung'uta maranda kichwani kila jioni, akilalamika kwamba hajui kama alizaa mtoto au aliokota kuku anayeatamia. Wanawake wa sokoni walileta maagizo yao: kikasha cha sindano, cha shanga, cha ugoro wa bibi. Na baba hakumkabidhi mtu kikasha kabla ya kukinyanyua kwa kushika mfuniko peke yake. Kilipaswa kuning'inia hadi tatu, kisha kiachie chenyewe, taratibu, kwa pumzi ndogo: fyuu. Kikikataa kuachia, kimebana. Kikidondoka mapema, kimelegea. Mhesabuji alikuwa Odeta, amesimama juu ya kigoda. Imo, ibili, idatu, alihesabu kwa Kisukuma: moja, mbili, tatu. Hakuna cheo alichowahi kukipenda kama kile.

Kulipopambazuka alimkuta mzee uani anakunywa uji kwa mkono wa kushoto. Alipiga goti, akamwamkia, akakiweka kikasha mezani pamoja na ufa wake. 

Mzee alikigeuza kwenye mwanga. Akauliza kimenunuliwa wapi. Odeta akasema hakijanunuliwa. Mzee akaufuata ufa kwa ukucha hadi chini.

"Umeacha kiini," mzee alisema hatimaye.

"Kilikuwa kizuri, baba. Kama jicho."

"Wote huwa tunasema hivyo. Kiini cha mti hakitulii, mama. Tawi limekatwa juzi, wewe unakiacha katikati, usiku kinajinyoosha kama mlevi." Akacheka kwa upande mmoja wa mdomo, ule uliobaki mzima. "Mimi nilipasua kumi na kimoja. Babu yako akavigeuza vya kuchotea chumvi, kila tukila ananitazama."

Akauchukua mfuniko, akapitisha kidole gumba kwenye mdomo wake, polepole, akazunguka mara mbili. Hakusifu. Alimwagiza apande juu ya dari ya karakana, ateremshe kipande cha mninga kilichokerezwa nusu. Alikianza wiki aliyozaliwa Kashindye, akakiweka kikauke, na kila mwaka akasema kesho, hadi kiharusi kikamwahi.

Mashine ikalia. Mzee aliketi nyuma ya bega la binti yake, macho ameyafumba, akiisikiliza kazi kwa masikio. Hapo inalalamika, alisema, legeza mkono. Hapo sawa. Kashindye alikaa chini kwenye maranda, nyusi nyeupe kwa vumbi. Mfuniko ulikataa mara nne. Mara ya tano mzee alikinyanyua kikasha kwa mkono wa kushoto, na midomo yake ikacheza bila sauti, na ya Odeta pia. Kikaning'inia. Kikaachia.

Hodi ya Shigela iliwakuta hivyo. Alikuwa amekodi kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, na wabebaji wawili, wote wamesimama kwenye jua kali nje. Alimwamkia mzee, akapewa maji. Mzee akamuuliza kama ziwa limetulia. Akamuuliza habari za mke, za mihogo, za mvua. Akarudia za mvua. Mtu aliyevuka maji kwa ahadi yako, unamwambiaje? Odeta alibaki ameikamata patasi, hathubutu kugeuza shingo.

Shigela akaizunguka mashine, akaupapasa mkanda wake, akauliza kwa upole waanze kuifungua upande gani.

Mzee akakohoa. Kashindye akainuka kwenye maranda, akajipangusa magoti.

"Mama bado anaitumia."